Debe la Desemba: Mchango wa Askari na Deni la Majeruhi

Krismasi ya mwaka 1978 iliangukia Jumatatu. Siku hiyo maelfu ya askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, pamoja na wanamgambo waliotoka vijijini, walikuwa mkoani Kagera jirani na mpaka wa Uganda, wakingoja. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamekwishaondoka kwenye ardhi waliyoivamia mwishoni mwa Oktoba. Mutukula ilikuwa bado kutekwa. Hilo lilikuja Januari 1979. Ukisoma masimulizi mengi ya vita vile, hapa katikati panarukwa. Tunaanza na uvamizi, tunasikia hotuba ya Mwalimu, tunavuka mto, mara tumeshafika Kampala. Wiki za kungoja, sikukuu ikiwamo, hazina msisimko, kwa hiyo zimekosa msimulizi.

Leo nataka tukae kwenye wiki hizo hizo, tena tuzitazame kutoka mbali: kutoka Kamsamba.

Kwa asiyepajua, Kamsamba iko Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, chini bondeni, kando ya Mto Momba unaopeleka maji yake Ziwa Rukwa. Tunduma, mji wa mpakani wenye malori na wabadilisha fedha, iko juu kwenye baridi. Kamsamba iko kwenye joto, mpunga na ufuta. Mwaka 1978 hakukuwa na mkoa unaoitwa Songwe wala wilaya inayoitwa Momba. Palikuwa Mbozi, Mkoa wa Mbeya, basi. Ukitoka hapo kwa barabara mpaka Kyaka, kwenye daraja la Mto Kagera, unakwenda zaidi ya kilomita elfu moja, na barabara zenyewe za miaka ile wenye umri wao wanazikumbuka.

Maswali yangu ni mawili. Mtu wa mahali kama hapo alimsaidiaje askari ambaye sikukuu ilimkuta handakini? Na askari huyo aliporudi na jeraha, alisaidiwaje? Swali la kwanza lina jibu la kujivunia. La pili ndilo linaloniuma.

Desemba si mwezi wa kutoa

Tuanze na kalenda, kwa sababu bila kalenda hatutaelewa uzito wa kilichotolewa.

Bonde la Rukwa lina msimu mmoja wa mvua. Mvua huanza kuchanganya mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikaendelea mpaka Aprili. Mavuno ni Mei na Juni. Kwa hiyo Julai kila nyumba ina chakula. Hata mvivu anashiba. Ila ikifika Desemba, kihenge kimeshuka. Mbegu imetengwa kando na haiguswi. Kilichobaki ni cha kufikisha watoto kwenye mahindi mabichi ya Februari au Machi. Na mwezi huo huo ndio wa kazi nzito kuliko yote: kulima, kupanda, kuwahi mvua kabla palizi haijaanza.

Sasa weka Krismasi juu ya hayo. Sikukuu inakuja wakati chakula ni kichache na mikono yote iko shambani. Mtu wa mjini anaweza kudhani debe la mahindi ni debe la mahindi. Si kweli. Debe la Julai ni ziada. Debe la Desemba limetoka kwenye chungu cha mtu.

Lishike hilo, tutalirudia. Kwanza turudi nyuma, maana 1978 haikuwa mara ya kwanza vita kuja kudai chakula huku kwetu.

Tulibebeshwa kabla ya kuombwa

Mpaka wa leo kati ya Tanzania na Zambia ulikuwa, mwaka 1914, mpaka kati ya Wajerumani na Waingereza. Vita ya Kwanza ya Dunia haikuchelewa kufika. Septemba 1914 Wajerumani waliishambulia Abercorn, mji unaoitwa Mbala sasa. Mwaka uliofuata palikuwa na mapigano makali Saisi. Kituo cha Waingereza cha Fife kilikuwa karibu tu na ilipo Tunduma. Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey lilivuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Na Novemba 1918, Von Lettow-Vorbeck alipita tena Fife akielekea Kasama, kabla ya kusalimisha silaha Abercorn tarehe 25 mwezi huo, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya.

Jeshi linalotembea katika nchi isiyo na reli wala magari linahitaji vichwa vya watu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi wao kwa malaria, kuhara damu na njaa. Upande wa Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini waliitwa tengatenga. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, tumelimeza mpaka likawa letu: Kariakoo. Kila siku watu wananunua vitenge na simu Kariakoo bila kukumbuka kwamba wanatamka jina la jeshi la wabeba mizigo.

Hesabu ya mpagazi ni ya kusikitisha. Chukua mtu aliyebeba kilo 25 za unga. Naye lazima ale, tuseme kilo moja kwa siku. Akitembea siku ishirini na tano, mzigo umeisha, ameula mwenyewe. Ndiyo maana msafara mmoja ulihitaji msafara mwingine nyuma yake, na huo mwingine, na wote walikula. Chakula kile kilitoka wapi? Kilitoka kwenye vihenge vya vijiji vilivyo njiani, upende usipende. Huko Ugogo, kuchukuliwa kwa chakula, ng'ombe na vijana, pamoja na ukame, kulileta ile njaa kuu ya 1917 na kuendelea, ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya.

Krismasi ile ya kwanza ya vita, Uingereza kulikuwa na mfuko maalumu wa Binti Mfalme Mary. Askari na mabaharia walipelekewa kikopo cha shaba chenye tumbaku na kadi ya salamu, na hatimaye zaidi ya milioni mbili waligawiwa. Ilikuwa zawadi ya waliovaa sare ya mfalme. Mpagazi hakuwa na sare. Hakuwa hata kwenye orodha ya watu ambao sikukuu ingeweza kuwakuta mbali na kwao, ingawa ndivyo ilivyokuwa.

Na upande wa pili? Askari weusi waliokuwa na Von Lettow waliwekwa kambini Tabora baada ya kusalimu, mafua makali ya 1918 yakawakuta humo humo. Mishahara yao ya miaka ya mwisho ya vita ilibaki deni. Bunge la Ujerumani Magharibi lilikuja kukubali kuwalipa waliobaki hai mwaka 1964, miaka arobaini na sita baadaye. Shika na neno hilo, deni.

Keya na barua

Vita ya Pili ilikuja na utaratibu zaidi. Watanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini, wengi katika King's African Rifles, au kama wazee walivyosema, Keya. Walipigana Abisinia, wakaenda Madagascar, halafu Burma. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilizamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi, watu 1,297 wakafa, mamia kati yao wakiwa wapiga mizinga kutoka Afrika Mashariki. Desemba ya mwaka huo huo, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Kalewa, ukingoni mwa Mto Chindwin, baada ya kupenya Bonde la Kabaw katika matope na malaria. Kuna vijana wa Tanganyika ambao wiki za kuelekea Krismasi ya 1944 waliwaona wahandisi wakifunga daraja la kuelea juu ya mto ambao nyumbani hakuna aliyewahi kusikia jina lake.

Hapa msaada ulichukua sura nyingine: maneno. Magazeti ya Kiswahili yalichapwa kwa ajili ya askari. Baraza lilianzishwa Nairobi mwaka 1939, vita vilipoanza. Mambo Leo, lililokuwapo Dar es Salaam tangu 1923, lilijaa habari na mashairi ya vita. Askari asiyejua kuandika alimwambia mwenzake aliyesoma, mwenzake akaandika, mkaguzi wa jeshi akaisoma, ndipo barua ikasafiri. Kijijini nako ilisomwa na mwalimu au katekista, kwa sauti, mbele ya watu. Kwa hiyo barua ya mume kwa mkewe ilipita katika macho na midomo ya watu watatu kabla haijamfikia. Mtu ajifunze kuandika mapenzi kwa namna hiyo! Nadhani ndiyo sababu salamu katika barua zetu za zamani ni ndefu na habari ni fupi: salamu haina cha kukaguliwa.

Fedha nazo zilikuwa zinatembea kinyume na tunavyotarajia. Askari ndiye aliyeacha sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa familia kupitia bomani. Yaani aliyekuwa handakini ndiye aliyemsaidia aliyekuwa nyumbani. Hazina za wenyeji zilichangia mfuko wa vita, ni kweli, ila chifu alipotoa kwa niaba ya watu, watu hawakuulizwa sana.

Shaaban Robert aliviandikia vita hivyo utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Kwamba mshairi wetu mkubwa alikesha na vita vya Ulaya na Asia kwa beti nyingi kiasi hicho, ni ushahidi wa jinsi vilivyoingia nyumbani kwetu.

Mwaka tuliombwa

Ndipo tunafika 1978. Novemba mosi Amin alitangaza kwamba eneo la kaskazini ya Mto Kagera limekuwa la Uganda. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akazungumza na wazee wa Dar es Salaam, akaeleza kwamba sababu tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Watu waliokuwa watoto wakati ule wanaweza kukutajia hayo matatu kama majina ya ndugu zao. Siku moja baadaye daraja la Kyaka likabomolewa na majeshi ya Amin. Idi ya kuchinja ya mwaka ule ilikuja kama wiki moja tu baada ya hapo. Waislamu wa ng'ambo ya mto walioweza kukimbia waliisali ukimbizini. Raia wanaokadiriwa kufikia 1,500 waliuawa katika eneo lililovamiwa.

Jeshi lilikuwa na askari wapatao 40,000. Ndani ya miezi michache likavuka laki moja, na sehemu kubwa ya nyongeza ilikuwa wanamgambo: wakulima, karani wa kijiji, mwalimu wa shule ya msingi. Malori na mabasi ya watu na ya mashirika yalichukuliwa kubeba askari na vyakula. Na nchi nzima ikaanza kuchanga. Wafanyakazi walitoa sehemu ya mishahara. Wafugaji walitoa ng'ombe. Wakulima walitoa mahindi, mchele, maharage. Njia ya kukusanya ilikuwapo tayari, ile ile ya Chama: balozi wa nyumba kumi, tawi, kata, wilaya, mkoa.

Hebu tulitazame neno lenyewe, mchango. Kiswahili kinalitumia kwa mambo ambayo hayafanani. Mchango wa harusi una kadi. Mchango wa msiba una daftari na mtu mmoja mwaminifu mlangoni. Mchango wa serikali, mara nyingi, una mgambo. Na neno mgambo nalo lina nyuso mbili: ndiye aliyekwenda kufa Uganda, na ndiye anayekuja kukuuliza risiti. Nisiwadanganye kwamba mwaka 1978 kila aliyetoa alitoa akicheka. Operesheni Vijiji ilikuwa imemalizika miaka miwili tu nyuma, na watu wengi walikuwa wamehamishwa bila kupenda. Balozi wa nyumba kumi akija na daftari, ni nani angesema hapana mbele ya jirani zake?

Hata hivyo, kuna tofauti ambayo mtu hawezi kuifuta. Mwaka 1916 chakula kilichukuliwa na mtu aliyekuwa hajui jina la kijiji. Mwaka 1943 kilitolewa na chifu kwa ajili ya mfalme. Mwaka 1978, kwa mara ya kwanza, mtu wa bondeni aliombwa na serikali aliyoiita yake, kwa ajili ya mtoto ambaye huenda alitoka nyumba ya tatu kutoka kwake. Na aliombwa wakati mbaya kabisa, kwenye Desemba ile niliyoieleza. Tuseme basi nusu yake ilikuwa lazima. Nusu iliyobaki ni nyingi bado, ukikumbuka imetoka kwenye chungu gani. Hakuna mwanahistoria atakayeipima, kwa sababu hesabu za michango huandika magunia bila kuandika mwezi ulimaanisha nini kwa aliyetoa.

Kwa askari nako, chakula hakikuwa jambo dogo. Takwimu inayotajwa ya vifo vya wanajeshi wa Tanzania katika vita vile ni 373, na kati yao 96 tu ndio waliouawa vitani. Wengine walikufa kwa ajali na maradhi. Maana yake adui mkubwa wa askari yule aliyekuwa akingoja mpakani Desemba ile, kwenye mvua, hakuwa risasi. Mtu aliyetuma blanketi au gunia la maharage alikuwa anapigana na adui halisi, hata kama hakujua.

Krismasi ya pili na ya tatu

Masaka ilianguka Februari 1979, Kampala Aprili 11. Pasaka ilikuwa Aprili 15, siku nne tu baadaye, na ninaweza kufikiria ibada za Pasaka ile zilivyokuwa katika kila parokia na kila usharika nchini. Mwanzoni mwa Juni majeshi yetu yakafika mpaka wa Sudan, vita vikaisha.

Vikaisha redioni. Wanajeshi wetu wengine walibaki Uganda kulinda nchi isiyo na jeshi, na wa mwisho waliondoka mwaka 1981. Kwa hiyo Krismasi ya 1979 na ya 1980 kuna Watanzania waliozila ugenini, katika miji iliyojaa bunduki, bila adui wa kumwimbia nyimbo. Na nyumbani mkono ulikuwa umefungwa. Vita vilikuwa vimekula takribani dola milioni 500, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu 1977. Mwalimu alituambia tufunge mikanda miezi kumi na minane. Miezi ile wenyewe mnajua ilivyorefuka. Dukani hakuna sabuni, hakuna chumvi. Nani angechangia askari?

Hili ndilo jambo ninaloliona katika historia yote hii. Mchango unajua kwenda kwa askari anayekwenda. Haujui kumfuata anayebaki, na haujui kabisa kumpokea anayerudi akichechemea.

Tazama hata vitabu. Mara tu baada ya vita, Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin. Henry Muhanika akatoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Ni kazi za lazima kwa anayependa kipindi hiki, na siwalaumu waandishi wake. Ila yasome tena majina hayo. Kuzama. Anguko. Jicho liko kwa Amin. Hiyo ilikuwa haki ya wakati ule, watu walitaka kumwona akianguka tena na tena. Lakini miaka zaidi ya arobaini imepita, na bado tunangoja riwaya ya Kiswahili inayoanza siku ile mwanamgambo anaposhuka kwenye lori kwenye kituo cha kijijini kwake, mguu mmoja ukiwa hauna kazi, na mvua inataka kunyesha.

Semuliki

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani. Hapana. Alhamisi ya Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, eneo la Beni, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa jioni, na mapigano yakaendelea kwa saa nyingi. Kwa hesabu ya mwisho askari wetu 15 waliuawa, na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Antonio Guterres, alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika miaka ya karibuni.

Siku mbili baadaye ilikuwa Desemba 9, sikukuu ya Uhuru, ikiadhimishwa Dodoma. Siku hiyo Rais Magufuli aliwasamehe Babu Seya na Papii Kocha, na kama mlikuwa na simu mnakumbuka kilichotokea: nchi nzima ilikuwa inaimba. Sisemi watu walikosea kufurahi. Nasema tu kwamba furaha na msiba vilifika siku moja, na furaha ndiyo ilikuwa na wimbo. Desemba 14 miili iliagwa Upanga, Waziri Mkuu Majaliwa akiongoza. Marehemu wakaenda makwao kuzikwa. Tukajua majina yao.

Majeruhi je? Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kufika Krismasi. Watu zaidi ya arobaini, wengine wakiwa hospitali za nchi za watu, waliingia sikukuu wakiwa na bandeji. Hao hatukuwajua majina, na sehemu ya sababu ni nzuri: jeshi lina siri zake, na mgonjwa ana haki ya kustirika. Lakini kuna sababu nyingine isiyo nzuri. Utamaduni wetu una ratiba kamili ya msiba: kilio, mazishi, matanga, arobaini. Kwa mtu aliyepona nusu hauna ratiba. Tunampa pole, tunampelekea machungwa, halafu tunamwambia ashukuru Mungu yuko hai. Naye anashukuru. Mwaka wa kwanza anashukuru, wa pili anashukuru, wa tatu anaanza kunyamaza.

Kinachokosekana ni mikono

Turudi sasa kwenye ile Desemba ya bondeni. Nilisema ni mwezi wa chakula kidogo na kazi nyingi. Mwaka 1978 tuliangalia upande wa kwanza, chakula, tukakitoa. Upande wa pili ndio unaomhusu majeruhi.

Mwanajeshi wa kambini ana mshahara, ana hospitali ya Lugalo, akistaafu ana kiinua mgongo. Si vyote vinatosha, lakini vipo. Mwanamgambo aliyerudi kijijini mwaka 1979 alirudi kuwa mkulima. Na mkulima aliyejeruhiwa hapungukiwi na chakula kwanza, anapungukiwa na mikono. Desemba ikifika, mvua ikianguka, wenzake wanatoka alfajiri na majembe. Yeye anaweza ekari moja pale alipokuwa anaweza tatu. Asipopanda sasa, njaa yake itakuja Desemba ijayo, na itaonekana kama uvivu. Gunia moja la Krismasi linamshibisha mpaka Januari. Siku mbili za majirani shambani kwake zinamshibisha mwaka mzima.

Na hilo si geni kwetu. Kulimiana kupo. Mtu anapika pombe au anachinja kuku, anaita watu, shamba linaisha asubuhi moja. Kinachotakiwa ni kidogo tu: mwenyekiti wa kitongoji ajue nani katika eneo lake alirudi na jeraha la vita, wa Kagera kama bado yupo, wa Darfur, wa Kongo, na kabla ya Krismasi wiki moja, kabla ya kwaya kuanza mazoezi ya usiku, watu waende kumpandia. Makanisa na misikiti yanaweza kulitangaza. Halihitaji bajeti, halihitaji hotuba. Kwa wale wa Kagera wenyewe muda umebaki mdogo sana. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule yuko kwenye sitini na zaidi.

Taifa lina siku yake ya kuwakumbuka, Julai 25, Siku ya Mashujaa. Mkuki, ngao, upinde na mishale vinawekwa kwenye mnara, tarumbeta inapigwa, na ni jambo jema. Ila Julai ni mwezi wa shibe. Kumkumbuka mtu ukiwa umeshiba ni rahisi. Kipimo chetu kiko Desemba, kama kilivyokuwa kwa wale waliopunguza chungu chao mwaka 1978 kwa ajili ya watu waliokuwa kilomita elfu moja mbali nao.

Leo kati ya Kamsamba na Kilyamatundu, upande wa Rukwa, kuna daraja la kisasa juu ya Mto Momba. Masika hayazuii tena mtu kuvuka kama zamani. Fedha nazo zinavuka kwa simu. Kijana aliyeko kwenye ulinzi wa amani Kongo au Jamhuri ya Afrika ya Kati anaweza kupiga picha ya video siku ya Krismasi, mama yake akamwona. Hayo yote mpagazi wa 1916 hakuyapata, wala Keya wa Kalewa. Umbali umepungua sana. Kilichobaki ni shamba la jirani aliyerudi, na hilo liko hatua mia mbili tu kutoka mlangoni.